Rudi Ikishuka

Msusi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha Mwalimu, mistari myembamba iliyonyooka mpaka kisogoni, mikono ilipomgomea. Alitaka kugawa nywele za upande wa kulia, lakini vidole vikalegea na chanuo likaanguka sakafuni, kwenye mabaki ya nyuzi na vibanio. Moyo ulimdunda masikioni kama mtu anayegonga mlango kwa hasira.

"Umechoka?" Mwalimu aliuliza bila kugeuka, amekaa kwenye kigoda mbele yake.

"Nani kachoka? Chanuo ndilo lililochoka."

Mwalimu akacheka, akangoja mwenzake acheke. Alipogeuka alimkuta Msusi ameegemea ukuta, macho kayafumba, midomo imempauka kama chaki.

"Shoga, wewe!"

"Ngoja kidogo tu. Inakuja, inaondoka."

Ilikuwa ikija na kuondoka tangu dawa za saratani zianze. Titi moja lilikwisha kukatwa, na dawa zikafuata, zikishuka tone kwa tone mkononi. Nywele zake zilipopukutika zote, yeye ndiye aliyetangulia kucheka. "Kinyozi hajinyoi," aliwaambia wateja, "na msusi hajisuki. Mimi nimetii methali." Wateja walicheka, wakarudi makwao wakisema yule mama ana moyo wa chuma. Hakuna aliyejua kwamba wakishatoka alikuwa akijilaza palepale chini, shavu kwenye saruji ya baridi, akisubiri kichwa kiache kuzunguka.

Madaktari walisema ugonjwa wenyewe unarudi nyuma. Kila alipokwenda kliniki aliulizwa anaendeleaje, naye kila mara alijibu, "Nashukuru." Angejibu nini? Uchovu si ugonjwa. Mtu aliyeopolewa mtoni akianza kulalamika kwamba nguo zake zimelowa, watu watamwonaje? Basi akajikaza kisabuni. Dunia yake ikapungua polepole: kwanza sokoni hakwenda tena, halafu kwa jirani, halafu ikabaki njia ya kutoka kitandani mpaka kwenye chumba hiki cha mbele, penye kioo, kiti na mafuta ya nywele.

"Leo si siku yako ya kliniki?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo. Nikumalize kwanza, ndipo niende."

"Utanimaliza kweli, kwa hofu. Inuka, twende."

"Na kichwa hicho?"

"Kichwa ni changu." Mwalimu alivuta kitambaa kwenye mkoba wake, akajifunga, upande mmoja umelala na upande mmoja umevimba kama andazi. Akamshika Msusi mkono, wakatoka.

Kliniki walimtoa damu ya kupima, wakamwambia asubiri. Wakasubiri sana. Hatimaye muuguzi akatoka akitikisa kichwa.

"Mama, leo hakuna dawa. Damu yako imepungua, na dawa hizi haziingii kwenye mwili usio na damu. Nenda dirisha la damu wakuongezee, ndipo urudi."

Dirisha la damu lilikuwa mwisho wa korido ndefu. Msusi alipumzika njiani mara mbili, akisingizia kwamba ndala yake imekatika. Nyuma ya kioo alikaa bwana mmoja, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Aliishusha, akasoma kipimo, akairudisha ilikokuwa.

"Huyu bado."

"Bado nini?" Mwalimu akauliza.

"Tunawaongezea wenye kipimo cha damu chini ya saba. Huyu ana saba na nukta kidogo. Yuko vizuri. Rudi ikishuka."

"Subiri kaka. Kule wamesema damu yake ni ndogo mno kupewa dawa. Hapa unasema ni nyingi mno kuongezewa damu. Ashike lipi?"

"Mama, kanuni sikuzitunga mimi. Nami nimezikuta."

"Na aliyezitunga yuko wapi?"

"Leo hayupo."

Msusi aliitazama ile korido waliyopitia. Mwisho wake lilionekana lango, jua kali, na barabara. Miguu ilikataa kwanza, moyo ukaifuata. Akajishusha taratibu kwenye benchi lililokuwa mbele ya dirisha, akaiweka mikono mapajani.

"Sawa mwanangu," alisema. "Basi naisubiri."

"Unasubiri nini?"

"Ishuke. Si umesema nirudi ikishuka? Kwangu ni mbali. Ikishukia njiani nitajuaje? Acha ishukie hapahapa, nawe ukiona."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye bakora, aliyekuwa ameinamia magoti yake tangu asubuhi, alicheka mpaka kikohozi kikampata. "Nisogezee nafasi, binti yangu," alisema. "Hata yangu nimeambiwa bado haijashuka vya kutosha." Mama mwingine aliyekuwa amesimama ukutani naye akaja kukaa. Katika kusogeleana huko, kitambaa cha Mwalimu kikavutwa, kikaanguka. Kichwa chake kikabaki wazi: upande umesukwa kwa ustadi, upande umesimama wima kama msitu.

"Na wewe unasubiri nini?" bwana wa dirishani akauliza, sasa ametoa kichwa nje kabisa.

"Mimi nasubiri upande wa kulia."

Vicheko vilimtoa daktari kijana ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Akaelezwa, na watu wanne kwa pamoja. Akachuchumaa mbele ya Msusi.

"Unajisikiaje, mama?"

"Nashukuru."

"Usimsikilize, daktari!" Mwalimu akadakia. "Huyu hata akizikwa atasema anashukuru."

Daktari akatabasamu. "Haya, tuache habari za kujisikia. Niambie jana ulifanya nini, tangu kuamka."

Lilikuwa swali jepesi. Msusi akalijibu kama anavyojibu mtu asiye na la kuficha. "Jana niliamka, nikakaa kitandani mpaka kizunguzungu kikatulia. Nikaenda kuoga, nikaoga nimekaa. Nikarudi kujilaza. Nikaamka kumpikia baba watoto, nikamenya vitunguu, nikajilaza tena. Akaja kumaliza kupika mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu nini? Hiyo ndiyo jana yote."

Alikuwa hajawahi kuisikia siku yake ikisemwa kwa sauti. Yeye aliyekuwa akisuka vichwa mpaka magharibi huku akiimba, siku yake nzima sasa ilikuwa vitunguu na usingizi. Machozi yakamtoka bila kuaga. Mzee wa bakora akatazama pembeni, kama anayeihesabu jana yake mwenyewe.

Daktari akasimama, akaenda dirishani. "Mwongezee."

"Daktari, kanuni ni saba."

"Saba ni ya mtu anayeweza kusubiri. Huyu hata kusimama hawezi. Nitatia sahihi mimi."

"Wakiuliza?"

"Wakiniuliza nitajibu."

Bwana wa dirishani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Inawezekana alifurahi, inawezekana alitishika; uso wake haukusema. "Basi apatikane mtu wa kufidia chupa. Damu haioti kwenye kabati."

Mwalimu alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni. "Sindano haiumi sana?" aliuliza kwa sauti ndogo. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kuwa ndogo.

Damu iliingia polepole, ya baridi kwanza, mpaka Msusi akaomba blanketi la pili. Kisha akalala. Haukuwa ule usingizi wa kuzirai aliouzoea. Huu ulikuwa usingizi wenye kina, wa mtu aliyefanya kazi na kulipwa. Alipoamka jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili, na mfuko wa damu umekwisha. Aliinua mkono kujikuna shingo, ukainuka. Akautazama. Akauinua tena, makusudi. Chini ya kucha kulikuwa na wekundu.

Mwalimu alikuwa amejikunyata kwenye kiti karibu na kitanda, akinywa soda aliyopewa baada ya kutoa damu.

"Sogea hapa," Msusi alimwambia. "Leta hicho kichwa."

"Wodini?"

"Nimekuuliza tuko wapi? Nimesema sogea."

Muuguzi wa zamu alipopita alisimama, mikono kiunoni. "Hapa si saluni!"

"Najua, mwanangu. Ingekuwa saluni pangekuwa na kioo."

Muuguzi alikwenda zake akinung'unika. Baada ya muda akarudi, akajifanya anakagua mashuka ya kitanda cha jirani, macho yake yako kwenye mistari. Mwishowe akauliza msuko ule unaitwaje. Msusi alifunga ncha ya mwisho, akapumua. Alikuwa amechoka, ndiyo, lakini uchovu wenyewe ulikuwa na sababu.

Kabla hajaruhusiwa, daktari alikuja kumwona. "Mama, nisikudanganye. Dawa tutaendelea nazo, nazo zitaipunguza tena damu hii. Ikipungua, usingoje namba. Njoo useme kama ulivyosema leo."

"Na dirishani?"

Daktari aliangalia sakafu kidogo. "Dirishani tutapigana tena."

Walipotoka, dirisha lilikuwa limefungwa. Mzee wa bakora alikuwa bado pale kwenye benchi, ameambiwa aje kesho, akingoja kijukuu chake kije kumchukua. Msusi akaketi kando yake.

"Mzee wangu, kesho ukiulizwa unajisikiaje, usishukuru. Wasimulie jana yako."

"Jana yangu fupi, binti yangu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Wape ilivyo."

Alifika nyumbani jioni, mwanga bado upo. Mumewe, fundi bomba, alikuwa jikoni akikoroga sufuria kwa mwiko uliokatika mpini. Juu ya meza ya kulia chakula alikuwa ameweka spana, vipande vya bomba, na buti zake zenye tope. Ilikuwa hivyo miezi mingi sasa. Msusi alikuwa akiona, akipita, akienda kulala.

Leo alisimama mlangoni.

"Baba watoto! Ni nini hii? Buti mezani? Buti! Mahali tunapokula! Nimeolewa na mtu au na karakana?"

Mume aligeuka, mwiko mkononi, mchuzi ukimdondokea mguuni. Akamtazama mkewe juu mpaka chini, akaona mashavu, akaona macho. Uso wake ukafunguka polepole, meno yote nje.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hilo la karakana."

Msusi akavuta pumzi, ikajaa kifua kizima, akarudia, na safari hii jirani wa pili akasikia.