Sujudu Mbele ya Gogo

Kwa miaka mingi Shekhe Haidari alikataa kumtaja marehemu Mbwarali Shoka katika dua za khitma za Waswahili wa Landani. “Alisujudia sanamu katika sinema ya Wazungu,” alisema, “na picha ipo.” Mjukuu wa marehemu, Bi Ruzuna, akaitafuta picha hiyo, akaileta ukumbini Thornton Heath, akaionesha kabla ya dua.

Ilikuwa sinema duni ya wauaji waabuduo sanamu, ya zama ambazo picha zilikuwa ndiyo kwanza zaanza kusema. Kuta zake za turubai zilitikisika kila mlango ulipofungwa. Mbwarali, aliyevishwa kilemba cha muuaji, akaporomoka mbele ya sanamu ya mti, akanong’ona kwa Kiswahili. Bi Ruzuna akaongeza sauti ya sinema, maneno ya marehemu yakasikika.

“Gogo we, aliyekuchonga hana akili. Ya Rabi, nakuelekea Wewe.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Shekhe hakucheka.

“Paji la uso liligusa chini,” alisema.

“Lako nalo hugusa kila swala, Shekhe,” akajibu Bi Ruzuna, “kisha wainuka kumsengenya maiti, ukamla nyama.”

Shekhe akainua mikono, na kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba, akamwombea Mbwarali kwa jina lake.