Vichujio Vilivyopigiwa Makofi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakuambia mapema usichoke kumtafuta, maana mwenzangu mmoja alikuwa anavaa tai kwenye karakana ya udongo, na ungeweza kumdhania yeye.

Huyo wa tai tulimwita Mkurugenzi. Cheo alijipa mwenyewe kabla karakana haijapata hata kiti. Mimi nilikanda udongo, dada yangu mkubwa alifinyanga. Tulitengeneza vichujio vya maji: udongo unachanganywa na unga wa mbao, unafinyangwa mfano wa ndoo ndogo, unakaushwa kivulini, kisha unachomwa. Unga wa mbao ukiungua unaacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yanapenya tone kwa tone, uchafu unabaki.

Mteja wetu alikuwa zahanati, iliyovigawa kwa akina mama ambao watoto wao hawaishi kuharisha. Ilikuwa imeshatuchoka kwa kuchelewa kwetu. Nesi mkuu alisema wazi: "Jumatatu msipoleta, msije tena." Bila zahanati hakuna karakana, na dada, mjane mwenye watoto, angerudi kufua nguo za watu. Kazi hiyo aliiacha kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aiache.

Ijumaa wakaja wafadhili. Tuliwatazamia wiki ya mbele, lakini mgeni mwenye gari haulizi umejiandaaje. Wakasimamisha kamera mbele ya tanuri, wakauliza moto unawashwa saa ngapi.

Vichujio vya Jumatatu vilikuwa bado kwenye chanja, vinamalizia kukauka. Dada akachukua kimoja akakigusisha shavuni. Ndivyo mama alivyotufundisha sisi sote: udongo ukiwa baridi shavuni, una maji ndani, na ukiuchoma hivyo unapasuka. Akanipa na mimi. Shavu langu halikunificha kitu.

"Bado," dada akasema. "Tuvichome Jumapili."

Mkurugenzi akatuvuta pembeni. "Jamani, watu wametoka mbali. Tuwaonyeshe udongo unavyokauka? Si watasinzia?"

"Wasinzie. Mikeka ipo."

"Dada, acha utani. Na wewe bwana, sema kitu!"

Heri ningekuwa na jino bovu siku ile, nisifungue mdomo. "Tuwashe moto mdogo tu," nikasema. "Tuupandishe taratibu."

Dada alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia msikitini. Lakini wageni walikuwa wameshageuka kutusikiliza, akaenda kuvitoa kwenye chanja.

Kijana mwenzangu, wewe mwenye wazo lako la kuinua jamii, nisikilize. Ujinga wa kutojua una dawa: unauliza. Ujinga wa kujua, halafu ukataka kupigwa picha, dawa yake sijaiona dukani mpaka leo.

Tukavipanga tanurini. Moto mdogo haukupendeza kwenye kamera, nikaongeza kuni. Baada ya muda tukasikia ndani ya tanuri: pu! Halafu pu, pu!

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ndivyo vinavyoiva, kama bisi. Mkurugenzi naye akapiga makofi, midomo imemkauka. Mimi nikatabasamu. Picha ipo, nimetoka kama bwana harusi anayeumwa tumbo.

Tanuri lilipoa Jumamosi asubuhi. Dada ndiye aliyelifungua. Akaingiza mikono, akatoa kigae, akatoa kigae kingine, akaendelea kupapasa mpaka majivu yakamfika mabegani. Hakuwa anasafisha. Alikuwa anatafuta kizima. Mwisho akakaa chini, mikono imelala mapajani. Kuvifinyanga upya na kuvikausha vingetaka zaidi ya wiki nzima, na tulijua hivyo sote. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Mkurugenzi alikuwa uani, penye vile tulivyovikataa zamani. Vilikuwa vizima kwa macho, ila vilivuja mno: ukimimina maji juu, yanateremka mbio kama yana nauli, na uchafu wake yanao.

"Tupeleke hivi," akasema. "Nani atavijua? Wiki mbili tu, halafu tunavibadilisha vyote kimyakimya."

Nilitaka kumkatalia. Nikamtazama dada na majivu yale, nikaona beseni la nguo za watu mbele yake, nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni wiki mbili tu, dada."

Akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akachukua simu yangu mezani. "Namba ya nesi umeiandika kwa jina gani?"

"Unataka kumwambia nini?"

"Kwamba vimepasuka. Awaambie wale mama wachemshe maji."

"Atatufuta!"

"Najua."

"Hujui!" Nikamshika mkono. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuona aibu. "Utarudi kufua, dada. Watoto wako je? Na Jumatatu tusipotokea, karakana imekufa. Kila kitu tulichowaahidi watu, kimekufa."

Mkurugenzi akaja upande wangu, tai imemkaba. "Dada, fikiria hao hao akina mama. Sisi tukifunga, watoto wao watasaidiwa na nani?"

Dada alikuwa ameshaipata namba. Simu ikaanza kuita sikioni mwake.

"Jumatatu hii," akasema, "msaada wetu kwao ni kukaa mbali nao."