Nyonga ya Shemeji

Mbwa yule aliitwa Shemeji, na jina hilo lina kisa chake. Siku mzee alipomleta nyumbani, akiwa bado mdogo wa kuenea kwenye kofia, mkewe alisimama mlangoni na ufagio mkononi akasema mbwa haingii ndani ya nyumba yake. Mzee akamjibu, "Huyu si mbwa, ni ndugu yangu." Mke akamtazama huyo ndugu alivyokuwa anakojolea kizingiti, akasema, "Haya. Akiwa ndugu yako, kwangu mimi ni shemeji. Na shemeji mwenye tabia hizi analala uani." Shemeji alilala uani siku mbili. Ya tatu alilala chini ya meza ya saa, na hakutoka tena.

Mzee alikuwa fundi saa. Macho yalimwacha taratibu: kwanza hakuuona mshale wa sekunde, miaka ikapita hakuuona wa dakika, mwisho hata wa saa ukapotea. Hakuna aliyemfundisha Shemeji, lakini alianza mwenyewe kutembea ubavuni kwa mzee, upande wa kushoto, akisimama penye mtaro na kuketi penye barabara kubwa mpaka magari yaishe. Kila asubuhi walikwenda wote wawili hadi kwenye duka dogo ambalo sasa lilikuwa la mwanafunzi wa mzee. Pale mzee aliwekewa saa mbovu sikioni, akasikiliza, akasema ugonjwa wake. Hakuwa akikosea sana.

Mkewe watu walimwita Bibi Kioo. Miaka thelathini alipiga nta sakafu za ofisi moja ya ghorofa tatu, na ilisemekana mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama chini. Nyumbani kwake palikuwa na korido ndefu ya saruji nyekundu, kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni, na kila Jumamosi alipiga magoti akaisugua mpaka taa ikaonekana mara mbili, juu na chini. Hakuwa na dhahabu wala shamba. Alikuwa na sakafu.

Shemeji alipoanza kukaa upande na kupanda hata kidato kimoja kwa shida, walimwita daktari wa wanyama. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye mikono ya shati iliyokunjwa na sauti ya chini. Alipiga picha, akawaonyesha: nyonga ya kulia imelika, kichwa cha mfupa wa paja kimekuwa kama kiazi kilichotafunwa.

"Inaweza kubadilishwa," alisema. "Tunakata kile kichwa, tunaweka kirungu cha chuma, na kwenye nyonga tunaweka kikombe kipya. Kirungu kinakaa ndani ya kikombe."

"Nyonga ya mbwa inabadilishwa?" Bibi Kioo aliuliza.

"Kama ya binadamu, mama."

"Mwaka wa tisa huu yangu inauma, na hakuna aliyekuja kunipima kikombe!"

Walicheka. Kisha daktari akaacha kucheka, akaanza kuhesabu hatari kwa vidole. Alisema wengi wanapona, wanakimbia, wanasahau. Lakini hatawaficha. Kirungu kinaweza kuruka nje ya kikombe, hasa wiki za mwanzo. Wadudu wa maradhi wanaweza kuingia na kujificha kwenye chuma. Mfupa unaweza kupasuka ufa kama mwanzi mkavu. Na mambo yakiharibika kabisa, chuma chote kinatolewa, mbwa anabaki na nyonga isiyo na mfupa wa kuegemea. Ataishi, atachechemea hapa nyumbani. Kumwongoza mtu barabarani, hapana.

Mzee alimpapasa mbwa kichwani. "Kwa hiyo ikiharibika," alisema, "mimi na yeye wote tunabaki uani."

Walikubali hivyo hivyo. Shemeji alirudi na mshono mrefu pajani, na masharti ya wiki sita: kamba fupi, taulo chini ya tumbo la kumbeba nyuma anapotembea, hakuna kuruka, hakuna ngazi. Lakini sharti kubwa daktari alilisema akiwa ameshika fremu ya mlango, maana alipoingia tu koridoni mguu ulitaka kumkimbia. "Mama, sakafu hii ni nzuri kuliko ya kwangu. Ifunike yote. Isionekane hata kidogo."

Bibi Kioo aliifunika. Alitandika vipande saba: mazulia mawili ya zamani, magunia matatu, blanketi la kijivu na shuka la bluu lililotoboka, akalikunja mara nne. Ilikuwa kama kumvisha mtoto gunia siku ya kupiga picha. Lakini alivumilia, na wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Mguu ulianza kugusa chini, kisha kukanyaga, kisha kusukuma. Mzee alikaa kwenye kiti akisikiliza hatua. "Ya nne bado nyepesi," alikuwa akisema. "Leo imeongeza uzito kidogo."

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, daktari aliahidi kuja saa kumi alasiri kumtazama.

Hapo ndipo shetani wa usafi alipomwingia bibi. Aliyatazama magunia. Yalikuwa na manyoya, yalikuwa na harufu ya mkojo, na shuka la bluu lilikuwa limegeuka rangi isiyo na jina. Daktari mzima, mtu wa watu, apokewe na magunia? Akajiambia atayaondoa tu mpaka daktari aingie aone, kisha atayarudisha mbwa akiwa bado chumbani. Alimweka Shemeji kwenye kichumba kando ya jiko, akaweka ubao mlangoni. Akamtoa mzee na kiti chake juani. Akakunja vipande vyote saba, akachukua kopo la nta na kitambaa, akapiga magoti.

Kazi ikanoga. Nyekundu ilipanda kutoka chini kama rafiki aliyekuwa safarini. Alisugua mpaka akauona uso wake, akaurekebisha ushungi.

Saa nane na robo, mlango wa gari ulibamizwa barabarani. Hakuwa daktari, alikuwa mtu tu na gari lake. Lakini Shemeji aliujua mlio ule. Ubao ulianguka. Bibi aliinua kichwa akamwona anakuja mbio, masikio yamesimama, mkia juu, anakuja kumpokea mgeni kama alivyokuwa akifanya kabla ya maradhi.

"Shemeji, simama!"

Miguu ya mbele ikashika. Ya nyuma ikafunguka kama mkasi. Kucha zikakwaruza nta, na kisha ukasikika mlio mmoja, si mkubwa. Ko. Kama mfuniko wa saa unapofungwa.

"Mama!" mzee aliita kutoka nje. "Nini hicho?"

Bibi angesema kweli pale pale, hadithi hii isingekuwepo. Lakini ulimi wa mwenye hofu hauna mwenyewe.

"Kifuniko cha sufuria!" alijibu.

Shemeji hakulia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alihema tu, akimfuata kwa macho. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili, na unyayo ulitazama nje. Bibi alimpitishia taulo, akamkokota kichumbani taratibu. Kisha akarudi koridoni akatandika upya, gunia, zulia, gunia, blanketi, pembe zisikae sawa. Kopo la nta alilificha nyuma ya pipa la unga. Simu ilikuwa kwenye rafu. Aliitazama mara tatu. Kila mara alijiambia daktari yuko njiani, na kila mara akasikia moyo ukimjibu kuwa saa kumi bado.

Daktari alifika. Alipita juu ya magunia, akasema "hongera mama, mmejitahidi," na maneno hayo yakamchoma bibi kama maji ya moto. Akapiga magoti kichumbani, akashika paja. Uso wake ukabadilika.

"Ameanguka?"

Mzee alikuwa ameingia, mkono mmoja ukutani, amesimama mlangoni. Bibi alimwona. Alimwona amekaa kwenye kiti kile uani, leo, kesho, mwaka ujao, kamba mapajani, mbwa hayupo.

"Hapana," alisema. "Ameamka tu hivi."

"Na asubuhi alikuwa anakanyaga?"

"Kidogo."

Uongo haukai peke yake, huita ndugu zake.

Walimbeba Shemeji kwenye blanketi, wakamweka kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mzee. Bibi alikaa mbele. Daktari aliendesha polepole, akikwepa mashimo, na aliongea kama mtu anayejisemea.

"Sipendi kitu kinachotoka bila sababu. Picha itanionyesha kirungu kimetoka. Haitanionyesha kwa nini kimetoka. Kama hakuanguka, basi shida imeanzia ndani. Labda kikombe kimelegea, labda wadudu wamekaa kwenye chuma. Itabidi nifungue nione. Na nikikuta wadudu, mama, chuma chote kinatoka."

Bibi alishika kishikio cha mlango. "Na angekuwa ameanguka?"

"Angeanguka leo ingekuwa nafuu. Ningemlaza kwa nusukaputi, nikavuta mguu, nikajaribu kukirudisha kwa mikono bila kisu. Ila hapo ni kuwahi. Misuli ikishakaza haikubali." Akabadilisha gia. "Lakini hakuanguka."

Gari liliruka tuta. Shemeji alitoa mguno mdogo. Nyuma, vidole vya mzee vilikuwa vinapita sikioni mwa mbwa, mbele na nyuma, kama mtu anayetia saa ufunguo. Bibi alitaka kugeuka akashindwa. Shingo ilikuwa imekuwa ubao. Aliogopa mbwa afe. Aliogopa mbwa apone bila nyonga. Na kubwa kuliko yote, na hili alilijua likamtia aibu, aliogopa uso wa mumewe akishajua.

Hospitali ya wanyama ilikuwa na harufu ya dawa na manyoya yaliyolowa. Picha ikapigwa: kirungu kule, kikombe huku, kama kijiko kilichoanguka kando ya bakuli. Msaidizi akaleta mashine ya kunyoa. Ikaanza kunguruma. Akaweka mkono kwenye paja la Shemeji, pale pale penye mshono wa kwanza ambao nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zimeota.

"Ngoja," bibi alisema.

Mashine ilinguruma.

"Ngoja, jamani, zima hiyo! Alianguka. Ameteleza. Nilitoa magunia, nikapiga nta, nilitaka daktari aone... nilitaka aone sakafu. Mimi ndiye niliyefanya. Asubuhi alikuwa anatembea vizuri kabisa."

Msaidizi alizima mashine. Daktari hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

Akatazama ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. "Acha kunyoa," alimwambia msaidizi. "Lete dawa ya usingizi. Haraka." Na mlango ukafungwa.

Walibaki kwenye benchi la nje, mume na mke. Bibi alikunja mikono, akaikunjua.

"Baba," alisema. "Sema basi."

"Nilisikia kucha," mzee alisema. "Kucha zikiteleza, ndipo ule mlio. Na kifuniko cha sufuria hakina kucha. Halafu harufu ya nta, nimekaa nayo tangu asubuhi, mke wangu. Nimepofuka macho, pua bado."

"Ukanyamaza! Garini kote kule umenyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja. Mashine ile ingegusa mwili, ningesema mimi." Akatafuta mkono wa mkewe, akaupata. "Nami nimekosea kungoja. Nilikuwa naogopa kulisikia kwa mdomo wako."

Hakusema amemsamehe, wala bibi hakuuliza. Walikaa. Nyuma ya mlango sauti za watu zilipanda na kushuka: vuta, shikilia, bado, vuta tena. Kisha kimya. Kisha "tena". Bibi alifumba macho. Alihesabu vigae vya ukutani bila kuvitazama, kwa kumbukumbu tu, akakosea, akaanza upya.

Mzee aliinua kidole. "Umesikia?"

"Nini?"

"Kifuniko cha sufuria."

Hakuwa amesikia kitu. Lakini mlango ulifunguliwa, na daktari alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa shati. Kirungu kimerudi. Bila kisu.

"Msifurahi bado," aliwaambia, maana bibi alikuwa ameshaanza kulia. "Nyonga iliyotoka mara moja inaijua njia. Inaweza kutoka tena, kesho, wiki ijayo. Ikitoka tena nafungua. Tunaanza wiki sita kutoka siku ya kwanza. Na mama, nikikuuliza, unanijibu."

"Nitakujibu, mwanangu."

Siku iliyofuata Bibi Kioo alichemsha maji, akatia magadi, akachukua brashi ya waya. Alianzia jikoni. Nta ya miaka mingi ilitoka kama utando wa maziwa, na chini yake saruji ilikuwa imepauka na yenye vinyweleo, kama goti la mzee. Jirani alichungulia mlangoni akauliza kuna nini, nyumba inabomolewa? "Inavaa viatu visivyoteleza," bibi alimjibu, akaendelea kusugua. Hata hivyo alipomaliza alitandika tena vipande vyote saba. Sakafu yenyewe hakuiamini tena, na mikono yake pia hakuiamini.

Shemeji aliruhusiwa kutoka chumbani mara moja kwa siku, kwenda uani na kurudi. Bibi alishika taulo chini ya tumbo lake, mgongo umepinda, nyonga yake mwenyewe ikimlaumu. Mzee alikaa mwisho wa korido, kichwa kimeinama upande, kama aliyewekewa saa sikioni.

"Amefika wapi?"

"Gunia la pili."

"Mguu?"

"Unagusa."

"Vimebaki vipande vingapi?"

"Vinne. Usinisemeshe."

Nje, mtu alibamiza mlango wa gari. Masikio ya Shemeji yakasimama. Bibi alikaza taulo kwa mikono yote miwili, akashusha pumzi, akangoja, na mbwa naye akangoja, mguu mmoja hewani.

"Zulia," bibi alinong'ona. "Twende, shemeji yangu. Taratibu. Hakuna mgeni."