Steringi Anagawa Mali

Usiku wa jana niliota koti limekuja kuniita kwenye kikao cha mirathi. Lilikuwa koti refu la mvua, la kijivu, limepandisha kola, na ndani yake hapakuwa na mtu. Lilitazama kushoto, likatazama kulia, ndipo likabisha hodi.

Nikalikaribisha ndani. Likashukuru, likasema halikai. Mzee Steringi anagawa mali yake mchana huu, na ukoo mzima wa filamu za kijasusi umeshafika. Anatakiwa shahidi wa upande wa watazamaji, nao wamenichagua mimi.

"Kwani amefariki?" nikauliza.

"Steringi hafi," likajibu koti. "Ndiyo maana kuna matatizo."

Sisi tuliokulia Tabora enzi za ukumbi wa sinema tunaijua sheria hiyo. Mtu akiingia amechelewa, swali lake la kwanza lilikuwa steringi ni nani. Akishaonyeshwa alitulia akala karanga zake, maana huyo mtu angefika mwisho wa filamu hata atupwe kutoka kwenye ndege bila mwavuli. Sheria haikuandikwa mahali popote, na tuliiheshimu kuliko nyingi zilizoandikwa.

Nikajitanda khanga yangu nyekundu, nikalifuata. Tukatokea mlango wa jikoni. Kwangu nje ya jikoni huwa kuna banda la kuku, lakini safari hii palikuwa na stesheni ya treni, mpakani, katika nchi yenye baridi kali. Askari akaomba pasipoti. Koti likatoa saba. Askari akazikagua zote, akasema ziko sawa, ila ingekuwa moja tu angetilia shaka.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha abiria, ambacho pia kilikuwa sebule ya marehemu shangazi yangu, pamoja na vitambaa vyake vya kudarizi juu ya kila kiti.

Mwenyekiti alikuwa bomu.

Lilikaa juu ya meza, saa yake ikihesabu kurudi nyuma, nyaya zake nyekundu na za bluu zimesukwa vizuri kama nywele za mtoto wa shule. Koti likaninong'oneza kuwa wamelichagua kwa sababu katika ukoo wote hakuna mwingine anayejali muda. Halijawahi kulipuka maishani mwake. Kila mara husimamishwa ikiwa imebaki sekunde moja, na jambo hilo limeliachia uchungu kidogo, lakini ni bomu la haki.

Mzee Steringi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni. Nilimtambua papo hapo na machozi yakanilenga. Alikuwa mweusi na mweupe tangu kofia hadi viatu, kama alivyokuwa kwenye pazia la ukumbi wetu, na kila kilichomsogelea kilipoteza rangi. Nilipomkaribia, pindo la khanga yangu likawa la kijivu. Mvua ilikuwa ikimnyeshea yeye peke yake. Alikuwa ameweka beseni miguuni ili asimharibie shangazi yangu zulia.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Lakini Mzee ana majina saba, moja kwa kila pasipoti, na haingekuwa adabu kuamkia jina moja na kuruka mengine. Nikaamkia yote. Kila jina likaniuliza habari za nyumbani, watoto hawajambo, na Tabora mvua zimenyesha. Wakati wote huo bomu lilikuwa limesimamisha saa. Lilisema limelelewa, haliwezi kuhesabu watu wakiwa bado wanajuliana hali.

Sasa kikao kinaanza.

Anasimama mjukuu mkubwa, Badru. Huyu ana rangi zote, na suti kama ya bwana harusi aliyekopa sana. Anasema yeye alirithi gari, wanawake wazuri, na saa ya mkononi inayokata vioo, kurusha kamba na kuzima moto. Kisha ananiuliza saa ngapi, maana hiyo yake haionyeshi. Ninamwambia ni saa nane. Mzee anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, alimpa mwenyewe, kwa mapenzi yake.

Anasimama mjukuu mdogo, Sudi. Sudi anatetemeka, na akitetemeka yeye chumba kizima kinatetemeka naye. Wazee wanashika vikombe vyao kwa mazoea. Anasema yeye alirithi kukimbia juu ya mapaa na kutomwamini hata aliyemwajiri. Mzee anaitikia tena. Sudi anaketi, picha za ukutani zinatulia.

Jirani yao, Adui, naye yupo, amekuja kuwapa moyo. Nilipomuuliza kama chai yake niweke sukari, alinieleza mpango wake wa kuitawala dunia tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali zilipo funguo, ndipo akasema vijiko viwili. Tabia hiyo naye aliipata kwa Mzee. Zamani, koti likaniambia, maadui walikuwa wakipiga risasi bila maelezo, na filamu zilikuwa fupi sana.

Nikatazama huku na huku nikaona kuwa mle ndani hakuna aliyekuja na kitu chake. Huyu kavaa hatua za Mzee, yule kabeba mkoba wa Mzee, mwingine anawasha kiberiti kama Mzee ingawa havuti sigara. Mzee alikuwa amebaki na kofia na beseni. Nikamwonea huruma, na nikawakasirikia kidogo, ingawa naye alikuwa akiwatazama kama mtu anayetazama wajukuu wakila vizuri.

"Limebaki jambo moja," likasema bomu. "Kimya."

Mzee akatoa mfukoni kikopo cha ugoro, akakiweka juu ya goti. Chumba kizima kikainama mbele.

Koti likanieleza taratibu. Mengine yote ameshayatoa. Hicho kimya kilichomo kikoponi, anachokiomba Badru, ndicho pekee kinachomfanya awe steringi mpaka leo. Akikitoa, si steringi tena. Na mtu asiye steringi anakufa, kama mimi na wewe.

Nilikijua kimya hicho. Kipo kwenye ile filamu yake ya zamani kabisa. Mzee amekaa hotelini, uso kwa mlango, anamngojea mtu ambaye ama ni rafiki yake ama amekuja kumuua. Ameshika kikombe. Hasemi neno. Ukumbi wetu ulikuwa wa watu wanaopigia miluzi hata tangazo la sabuni, watu wanaomwambia steringi geuka nyuma kana kwamba anasikia. Lakini ilipofika hapo, wote walinyamaza. Muuza karanga aliacha kuchezesha sarafu mkononi. Dada yangu Siwema alinishika kifundo cha mkono mpaka kucha zikaacha alama. Tulijua hafi. Kila mtu mle ndani alijua hafi, na bado tulimwogopea. Sijawahi kumpenda mtu wa filamu kama nilivyompenda yule pale, na mpaka leo nampenda.

Badru akanigeukia. Suti yake ilikuwa imepungua kung'aa.

"Mama Tunu, mimi si mwizi," akasema. "Nina magari, nina moto, nina mapigano juu ya treni. Lakini nikinyamaza kidogo tu, watu wanatoa simu zao."

Hapo hasira yangu ikaisha. Hakuna aliyemcheka. Hata Adui alitazama chini.

"Mpeni," akasema Mzee. "Nimechoka kutazama mlango."

Akashika kifuniko cha kikopo. Koti likajifunika uso kwa mkono. Mimi nilitaka kusema asifungue, na sauti haikutoka, kama inavyokuwa ndotoni.

Lakini bomu lilikuwa bomu la utaratibu. Likasema mali haigawiwi kabla shahidi hajathibitisha kuwa ni ya mwenyewe. Likaniuliza: kimya hiki ni cha Mzee?

Nikafungua kinywa nijibu ndiyo. Wakati huohuo sebule ikawa ukumbi wetu wa Tabora, na ukoo wote umekaa kwenye mabenchi, na ile filamu inaonyeshwa pazia lote. Mzee yuko hotelini na kikombe chake. Nikaisikiliza. Nimewahi kuitazama tena ukubwani, nyumbani, na Baba Tunu akisinzia pembeni, na hata siku ile kulikuwa na jambo lililonisumbua nikashindwa kulitaja. Sasa nikalisikia vizuri.

"Si chake," nikasema.

Badru akasimama. Bomu likanitaka nieleze.

"Sikilizeni. Kuna bendi pale hotelini. Tarumbeta zinalia tangu anaketi mpaka mlango unafunguliwa. Kwenye filamu hakuna kimya hata kidogo. Waliokuwa kimya ni sisi."

Wakasikiliza. Tarumbeta zilikuwa zinalia kweli, tena kwa fujo, na mpiga ngoma mmoja alikuwa hafuati wenzake.

Mzee Steringi alikuwa ameduwaa. Mvua yake ilikuwa imepungua ikawa manyunyu.

"Kumbe kulikuwa na bendi?" akaniuliza. "Miaka yote hii sikuwahi kuisikia. Mimi nilikuwa nawasikia ninyi, mlivyokuwa mmeshika pumzi."

Akafungua kikopo. Hakikuwa na kitu, wala harufu ya ugoro. Tukamtazama kwa hofu, lakini hakuanguka. Alikohoa tu, akaomba chai.

Bomu likatoa uamuzi. Kitu cha watazamaji hakirithiwi na mtu wa filamu. Mzee hakuwa nacho, kwa hiyo hajakipoteza, na yeye ni steringi mpaka watazamaji waseme vingine. Koti likamwendea likamkumbatia, na kwa mara ya kwanza mchana ule likawa na mtu ndani.

Badru alibaki amesimama. Alimuuliza babu yake, kwa unyonge, basi yeye afanye nini.

"Kawaombe wenyewe," akasema Mzee. "Wakikuogopea, watakupa. Ila lazima kwanza uwe mtu wa kuogopewa."

Badru akafikiri. Kisha akavua ile saa yake akaiweka mezani, akaketi uso kwa mlango. Alionekana mdogo bila hiyo saa, na nikajikuta ninamwombea.

Kikao kikafungwa. Ilikuwa imebaki sekunde moja, na bomu likasema ndiyo maisha.

Mzee alinisindikiza mpaka kwenye treni. Aliniambia kama kimya kile ni chetu, basi tukitunze, maana siku hizi kinafunguliwa ovyo na kila mtu. Akaeleza kuwa ujanani mwake, kila alipotoka chumba cha hoteli, aling'oa unywele mmoja akautia mate, akaubandika kati ya mlango na fremu yake. Akirudi akiukuta umekatika, anajua kuna mtu amefungua.

Akang'oa mmoja kwenye masharubu yake. Akautia mate. Akaubandika kwenye midomo yangu, kutoka wa juu hadi wa chini.

"Samahani, Mama Tunu," akasema. "Ni mazoea ya kazi."

Treni ikapiga honi, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Baba Tunu alikuwa amesimama mlangoni, redio mkononi, ananiuliza kama chai aweke tangawizi. Nikataka kumjibu, nikahisi kitu kikavu kinanivuta mdomoni. Nikagusa kwa kidole. Ulikuwa unywele mfupi, mgumu, wa kijivu, umegandishwa kutoka mdomo wa juu hadi wa chini, na haujakatika. Baba Tunu hunyoa kichwa na ndevu kila Ijumaa. Nywele zangu mimi ni ndefu, na zilikuwa ndani ya kilemba.

"Mbona kimya?" akauliza.

Sikujibu. Alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Kisha akazima redio, akaketi polepole ukingoni mwa kitanda, akashika pumzi.