Kiti cha Tatu

Siku ya Marehemu, mwezi wa Novemba, Attracta Gaughan alikoka moto, akaacha mlango bila komeo, akasogeza viti viwili karibu na meko kwa ajili ya wazazi wake. Kila nyumba pale Mayo, Ireland, hufanya hivyo, na asubuhi yake viti hurudishwa mezani. Mwaka ule Attracta alikuwa na mafua, akasahau kuvirudisha.

Basi Ijumaa iliyofuata, saa kumi alasiri, wazazi wake wakaingia. Baba alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini, mama kumi na mmoja. Mama alitundika koti lake, baba akauliza kama mvua imewaharibia watu viazi. Attracta akawapa chai na mkate wa magadi wenye siagi. Wakala vizuri. Kisha wakageukiana, wakaanza kuzungumza Kiairishi.

"Nimewaona wazee wako," Concepta, jirani yake, alimwambia kesho yake nje ya kanisa. "Mama'ko kanenepa, au koti tu? Rudisha viti, mpenzi, la sivyo utawalisha hadi Pasaka."

"Waache," Attracta alisema. "Wana maongezi yao."

Maongezi yenyewe ndiyo yaliyomkosesha raha. Wazazi wale walizaliwa pwani ya magharibi, wakahamia mjini, wakawalea watoto wao kwa Kiingereza ili wapate kazi. Kiairishi walikiweka kwa mambo ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia: zawadi za Krismasi, ugonjwa wa shangazi, aibu ya majirani. Attracta alipokuwa na miaka kumi na saba, tumbo likiwa limeanza kuonekana, walizungumza Kiairishi mezani wiki nzima, yeye akiwa ameketi katikati yao. Jumatatu alipelekwa kwa masista waliowapokea wasichana wenye mimba. Mtoto alikuwa wa kiume. Alimnyonyesha wiki sita, na siku moja aliporudi kutoka chumba cha kufulia akakuta kitanda cha mtoto kitupu, kimetandikwa shuka safi. Sasa Attracta alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Akaenda kujiandikisha darasa la Kiairishi. Darasa lilikuwa kila Jumanne jioni katika ukumbi wa parokia, wanafunzi tisa, chai na biskuti juu ya meza ya tenisi. Mwalimu alikuwa Dympna, mstaafu wa posta.

"Ulimi wako mgumu kama kiatu cha polisi, bibie," Dympna alimwambia siku ya kwanza. "Rudia!"

Wote wakacheka, na Attracta akacheka pia. Dympna akawauliza kila mmoja anataka kujifunza nini. Mmoja alitaka nyimbo, mwingine namna ya kuagiza bia.

"Mimi nataka yale maneno watu wanayoyatumia wakimzungumzia mtoto," alisema Attracta.

Dympna alikuwa amekaa dirishani pale posta miaka thelathini. Alizijua barua zilizokuwa zikienda kwa masista, na alijua ni za nani zilizorudi bila kufunguliwa. Akaandika maneno ubaoni.

Kila Ijumaa Attracta alimimina chai akiwa ametega sikio. Kabla ya Krismasi alishika neno *mvulana*. Januari alishika *macho*. Februari yote alipata *mvua* na *ng'ombe* tu, akalia akiosha vikombe. Mwezi wa Machi, baba alipokuwa akipaka siagi mkate wake, sentensi nzima ilimfikia, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Alikuwa na macho kama ya huyu," mama alisema, akimwelekezea Attracta kidevu.

"Afadhali hajui mtoto alikopelekwa," baba akajibu.

Wiki nzima Attracta alifanya mazoezi ya swali moja. Dympna alimrudisha nyuma mara ishirini bila kumtania. Ijumaa ilipofika, aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye aproni, akauliza kwa Kiairishi, polepole, bila kukosea:

"Mama, mwanangu yuko wapi?"

Mama akamgeukia na uso mkunjufu, ule ambao watu wa pwani ya magharibi humpa mgeni aliyejaribu lugha yao, kisha humjibu kwa Kiingereza ili asihangaike.

"Eh, unajitahidi kweli, mpenzi!" alisema kwa Kiingereza. "Nani anakufundisha?"

Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena Kiairishi mbele yake. Walikuja kila Ijumaa, wakasifu mkate, wakaongea habari za mvua, kwa Kiingereza safi.

Novemba iliporudi, Attracta alisogeza kiti cha tatu karibu na meko, kando ya vile viwili. Alichagua kikubwa, cha mwanamume wa miaka arobaini na minne.

"Kama amekufa, atakuja," Concepta alisema, akimsaidia kukibeba. "Asipokuja, basi yu hai. Shukuru."

"Au hajui njia," Attracta alisema. "Hajawahi kufika nyumba hii."

Saa kumi wazazi wakaingia, mabega yamelowa. Mama alivitazama viti, akavua koti lake, akalitandaza juu ya kile cha tatu ili likauke.

"Leo baridi," akasema.

Attracta akamimina chai, vikombe vinne.