Kitufe cha Ondoa

...kinaonekana, kitufe kinaonekana vizuri tu, chekundu, kona ya chini kulia, neno Ondoa limeandikwa kwa herufi ninazozisoma bila miwani, lakini mjukuu wangu ananitazama usoni, si kwenye skrini, ameketi ng'ambo ya meza na kalamu yake, anasema uso wa mtumiaji haudanganyi, na kanuni ya kazi yao ni kwamba aliyechora kiolesura, yaani hizi kurasa za kubonyeza, haruhusiwi kumsaidia anayekijaribu, niliambiwa nichague mgonjwa yeyote nimwondoe kwenye hifadhidata ya kliniki, wote ni wa majaribio tu, babu, hakuna mtu wa kweli humo, nikagusa jina la kwanza, akafunguka mke wangu... majina yake yote matatu, kwa mpangilio niliomfundisha binti huyu mwenyewe, jina la mtu halikatwi, nilimwambia, huandikwa lote, akatii, akajaza ukoo mzima kuwa wagonjwa wake wa majaribio mwaka ule alipoanza kazi, bibi yake akiwa hai bado, akipita nyuma yake na kikombe, akimtania, mke mwenzangu, hiyo mashine nayo inakula?... Hali: hai. Umri: sabini na nne. Hakufika sabini na nne, tulimzika ana sabini na moja, lakini mashine huhesabu yenyewe na hakuna aliyeiambia iache, imekuwa ikimwongezea miaka huku sisi... "Mume wangu, umesinzia?" ananitania mjukuu. Sijasinzia, nasema, nasoma. "Watu hawasomi, babu, watu wanabonyeza." Ni kweli, wanabonyeza, mwanangu alikwenda kuchukua cheti cha kifo, shemeji zangu walichimba kaburi, nguo zake zilitolewa na dada yake mimi nikiwa nimekaa nje, kila mtu alimwondoa mahali fulani, mimi nikapokea mikono ya pole, nikasifiwa kwa kujikaza, kumbe sikujikaza, sikupewa tu cha kufanya... kalamu inaandika, anadhani kitufe kimejificha, "Nikikuze kidogo?" Usikikuze, nasema, na sauti yangu ni ile ile, kinatosha, maana nitakibonyeza, kwa mkono wangu mwenyewe, hilo nimeshalijua, ila wacha kwanza nimtazame ana sabini na nne, sijapata kumwona katika umri huo, kidole kimesimama hapo hapo juu ya kioo, naye anaandika tena, anatamka polepole anachoandika, mtumiaji anasita...