Kifua cha Mzee Wembe

Mzee Wembe alizimia wembe ukiwa mkononi, mteja kaegemeza kichwa nyuma, shingo wazi. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na zaidi ya hamsini kati ya hiyo alikuwa amenyoa watu katika chumba kile kile chenye viti viwili na kioo kirefu. Asubuhi hiyo kifua kilimbana, akajisemea ni uzee tu. Mara sakafu ikamjia usoni. Alipozinduka alimwona mteja wake, karani wa posta, ameshika taulo shingoni, damu inapenya kati ya vidole.

"Mkwaruzo tu huu, mzee," karani alisema, akikandamiza taulo zaidi.

Ulikuwa mrefu kama kidole, chini kidogo ya taya. Mzee Wembe aliutazama, akajua kwamba ungezama kidogo tu zaidi, yangekuwa mengine. Akafunga chumba chake cha kunyolea kabla ya saa nne.

Binti yake mkubwa, mwalimu wa sekondari, alimpeleka hospitali. Daktari wa moyo, mwanamama mfupi mwenye sauti ya chini, alimwonyesha moyo wake ukidunda kwenye skrini.

"Hapa pana vali, mzee wangu. Ni mlango wa kutolea damu. Wako umekakamaa, haufunguki sawasawa. Moyo unasukuma kwa nguvu zote, damu inapita kwenye tundu dogo. Ndiyo maana unaanguka."

"Hakuna vidonge?"

"Vidonge vitakupunguzia uchovu kidogo. Mlango havifungui. Inabidi tuweke vali nyingine."

Angependa kuipitisha kwenye mshipa wa paja, alisema, bila kupasua kifua. Lakini vipimo vilionyesha mishipa ya mzee imebana na kujipindapinda, isingepita. Ilibaki njia moja, kufungua kifua.

"Kati ya watu mia, wangapi hawatoki?" Mzee Wembe aliuliza. Binti yake akageuza uso dirishani.

"Kwa umri wako, na figo zako zilizoanza kuchoka, saba au nane. Watatu wanne hupata kiharusi. Na wapo wanaoamka wamechanganyikiwa. Wengi wao hurudi sawa. Siyo wote."

"Na nikikaa hivi hivi?"

"Umeshaanza kuzimia. Wengi hawamalizi miaka miwili, na si miaka ya raha."

Kufa kwenyewe hakukumtisha sana. Wenzake wengi walikuwa wametangulia. Kilichomtia baridi ni yale ya katikati: kuamka mdomo umepinda, kuogeshwa kama mtoto, kumtazama mkewe asijue ni nani.

Mkewe alipoelezwa, aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Mimi simo. Dada yangu aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, ananicheka kwa kulia kwangu. Akatoka kafunikwa shuka. Wewe nani kakudanganya kwamba una damu ya ujana?"

"Sijasema naenda. Nafikiria."

Akafikiria wiki tatu. Alianza kuogopa vitu alivyokuwa havioni kabisa: ngazi tano za mlangoni, ndoo ya maji, kucheka sana. Bafuni hakufunga komeo tena, na akiwa ndani mkewe alijifanya anafagia ukumbi, ufagio unapita pale pale.

Siku moja mchana alijikongoja hadi kwa Seremala, jirani wa mtaa wa pili, aliyekuwa ameambiwa maneno kama yake mwaka uliopita. Alimkuta amekaa kwenye kiti chenye mito, miguu imevimba inang'aa. Kiti kile ndicho kilichokuwa kitanda chake; akilala chali, pumzi inakata.

"Ulikataa upasuaji?" Mzee Wembe alimuuliza.

"Sikukataa." Seremala akavuta pumzi. "Niliogopa. Kila wakiniita... nasema bado nafikiria." Akapumua tena. "Juzi nimekubali. Wakasema moyo umechoka... hawathubutu kunigusa."

"Kwa hiyo unanishauri niende?"

"Mimi sikushauri kitu, ndugu yangu. Ukienda ukafa... nitamtazamaje mkeo?"

Mzee Wembe alirudi akisimama kila nguzo ya umeme. Nyumbani alimwambia mkewe, "Naenda. Naogopa, lakini naenda."

Mkewe alivuta begi kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo za mumewe moja moja. Alipofika kwenye kanzu ya kulalia alisema bila kugeuka, "Usiporudi sitakusamehe."

Kabla ya upasuaji walimpa fomu ya ridhaa. Aliisoma yote, kutokwa damu, figo kushindwa, kiharusi, kifo, kila neno na mstari wake. Saini yake ikatoka kama ya mtu aliyeandika ndani ya gari bovu.

Muuguzi kijana akaja kumnyoa kifua. Alikuwa anakwangua kama anaparua samaki.

"Vuta ngozi kwanza, mwanangu. Halafu fuata nywele zinakolalia."

"Kumbe wewe fundi, babu?"

"Nilikuwa," alisema, akajivuta ngozi mwenyewe.

Walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, taa za dari zilipita juu yake moja moja. Mkewe alitembea pembeni, ameshika chuma cha kitanda, mpaka wakafika mlango ambao ndugu hawavuki. Vidole vyake ilibidi binti yao avibandue.

Kwa muda wa saa sita walikaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, mama yule alisimama. Mwishowe daktari akatoka, barakoa chini ya kidevu.

"Yu hai. Vali inafanya kazi. Sasa tusubiri aamke."

Aliamka, lakini si yeye. Alivuta mirija, akamwita mkewe "dada", akamwomba amfungulie aende kwa mama yake. Mkewe aliitika, "Nitakufungulia," akamfuta jasho, kisha akatoka kwenye korido na kuuma kitambaa chake ili asipige kelele. Siku mbili zikapita hivyo. Binti aliuliza yatakwisha lini. Daktari akasema hajui.

Siku ya tatu, jua limeshapanda, mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Mama watoto, mbona umekonda hivyo? Hawa watu hawakupi chakula?"

Mkewe akalia mbele ya wauguzi wote, bila kujificha.

Si kila kitu kilirudi. Mkono wa kushoto ulibaki mzito, na majina ya watu yalimponyoka. Lakini baada ya miezi miwili alikuwa anatembea hadi kona ya barabara na kurudi bila kusimama, kila asubuhi, kiganja juu ya kovu. Mkewe humwacha atangulie hatua kumi, kisha huchukua kikapu kitupu na kumfuata, kama mtu anayekwenda zake sokoni.